Kilichokuwa Ndani ya Ubao wa Tezi

Barua ya ofisi ya usalama wa baharini ilifika kwa ndege ya Jumanne, na kufikia Jumatano mchana hakukuwa na mtu kisiwani asiyejua kilichoandikwa ndani yake. Ilisema kwamba Joseia, mpiga mbizi wa kambakoche kwa miaka thelathini, aliendesha boti kwa mwendo wa hatari, akapakia kupita kiasi, na kwa uzembe wake mashine ya boti ikang'oka na kuzama katikati ya mkondo akiwa na abiria mgonjwa. Kwa hiyo asibebe mtu yeyote asiye wa nyumba yake kwa muda wa miaka miwili.

Dada yake, Mareta, aliisoma akiwa amesimama jikoni kwa kaka yake, mikono bado ina unga. Aliisoma mara ya kwanza haraka haraka, kisha akairudia neno kwa neno, kama mtu anayetoa miiba kwenye samaki wa mtoto.

"Kupakia kupita kiasi," alisema. "Kwani mlikuwa wangapi?"

"Wawili. Mimi na Shangazi Noreta. Na begi lake."

"Begi la nini?"

"Nguo. Na mto. Unamjua, halali hospitali bila mto wake."

"Basi mto ndio uliong'oa mashine."

Joseia hakucheka. Alikuwa ameketi mezani akikwangua rangi ya meza kwa ukucha, na hilo ndilo lililomuuma Mareta kuliko barua yenyewe. Kaka yake alikuwa mtu wa kubishana na redio. Sasa anaitwa mzembe kwa maandishi, kwa mhuri, naye anakwangua meza.

"Huna la kusema?"

"Niseme nini? Mimi ndiye niliyeshika usukani. Shangazi amekatwa vidole viwili vya mguu. Waandike wanavyotaka."

Mambo yalivyokuwa ni hivi. Shangazi Noreta, dada wa marehemu baba yao, ana miaka sabini na minne na ugonjwa wa sukari. Kidonda cha mguuni kilipoanza kunuka, nesi akasema lazima apelekwe hospitali ya Kisiwa cha Thursday, ng'ambo ya mkondo, siku ileile. Helikopta ilikuwa imekwenda kuchukua mtu mwingine. Joseia akajitolea, kama anavyojitolea siku zote. Bahari ilikuwa shwari. Walipofika nusu ya njia mashine ikainama kwa nyuma, ikatoa mlio kama wa kopo linalochanwa, ikaenda chini. Maji yakaanza kuingia. Joseia akayakomba kwa chupa iliyokatwa, huku bibi wa watu amekaa juani na mto wake kichwani, kwa saa tisa, mpaka boti ya wavuvi ikawaona. Daktari alisema mgonjwa angefika asubuhi, vidole vingepona.

Tangu siku hiyo boti ililala ufukweni chini ya turubai, nyuma yake imechanika, na Joseia alikuwa akizunguka njia ya mbali kwenda kanisani ili asipite karibu nayo.

"Nitaitengeneza," Mareta alisema.

"Iache, Mareta."

"Nitaweka ubao mpya wa tezi hapo nyuma. Ukitaka kukaa hapa uimalize meza kwa kucha, kaa."

Hakuwa anajigamba. Baba yao alikuwa fundi wa merikebu za wapiga mbizi wa lulu, na kwa kuwa wana wake wa kiume walipenda maji kuliko mbao, aliyekuwa akimshikia msumeno ni Mareta. Mabenchi yote ya kanisa ni kazi ya mikono yake. Majeneza pia, kwa miaka kumi na tisa sasa, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Alhamisi asubuhi alivuta turubai. Mjomba Pilemon, jirani, mtu mzima aliyestaafu kazi ya jenereta za kisiwa, alifika na kiti chake cha kukunja na kikombe cha chai, akakaa mahali penye kivuli ili aangalie vizuri.

"Umekuja kusaidia au kutazama?" Mareta aliuliza.

"Kwanza natazama. Nikiona unaharibu, nitasaidia."

"Basi shika huu mtaimbo, maana utachoka kusubiri."

Boti za alumini, mwili wote ni bati, lakini nyuma pale mashine inapofungwa kuna ubao mnene, ubao wa tezi, uliobanwa kati ya mabati mawili. Ubao huo ndio unaobeba uzito wote. Ukiwa mzima, boti ni nzima. Ukioza, unaning'iniza mashine kwenye karatasi. Ubao wa boti ya Joseia ulikuwa umebadilishwa miaka mitatu tu iliyopita. Boti ilipakiwa kwenye meli ya mizigo mpaka bara, kwa fundi mmoja aitwaye Haslam ambaye nusu ya visiwa vya Mlango wa Torres walimpelekea kazi, ikarudi ina rangi mpya ya buluu inayong'aa na karatasi ya dhamana ya miaka kumi. Joseia aliitia karatasi hiyo plastiki.

Kwa hiyo Mareta hakutarajia ubovu. Alitarajia ubao mzuri uliopasuka, kwa sababu hata yeye, moyoni, na aliona haya kulikiri baadaye, alidhani labda kaka yake kweli alikimbiza boti siku ile kwa hofu ya mgonjwa. Alitoboa ribiti zilizoshika bati, moja moja, kwa drili. Akafungua bati la ndani upande wa chini. Akaingiza mtaimbo kati ya bati na mbao, akausukuma taratibu akitegemea kupata ukinzani.

Mtaimbo ukazama mpaka kwenye kiganja.

Alipouvuta, ulitoka umebeba kitu cheusi, chepesi, kinachodondosha maji. Kilikuwa kama majani ya chai yaliyosahaulika kwenye birika juma zima. Kilinuka hivyo hivyo pia. Pilemon aliweka kikombe chake mchangani.

"Miaka mitatu?" alisema.

"Miaka mitatu."

"Mbao haiozi hivyo kwa miaka mitatu, dada. Hata ukiizika."

Mareta alikwenda nyumbani, akarudi na kijiko cha kupakulia supu, akaanza kuchota. Aliijaza ndoo ya kwanza, na ya pili ikafika nusu. Chini kabisa akakuta kipande kilichobaki na umbo, akakipangusa, na juu ya kipande hicho palikuwa na namba za kiwanda zilizochapwa miaka ishirini na kitu iliyopita, siku boti ilipozaliwa. Ule ubao wa zamani haukuwahi kutolewa.

Akahamia sehemu ya juu. Pale, urefu wa shubiri moja na nusu, palikuwa na mbao nyingine, ngumu, yenye rangi ya kijani kibichi. Haslam alikuwa amekata juu tu ya ule ubao mbovu, akapachika kipande hiki, akaziba kiungo kwa gundi ya mpira, akapaka rangi. Na hiyo mbao ya kijani Mareta aliijua. Ni nguzo za uzio, zinazotiwa dawa yenye shaba ili mchwa wasile. Ukiibana kwenye alumini na kuiongezea maji ya chumvi, ile shaba inalila bati kama asidi. Alipoondoa kipande chenyewe akaona bati la nyuma limejaa vitundu na unga mweupe, limechakaa hata kidole kingeweza kulitoboa. Kwenye ncha ya mbao, pini bado imeshika kilebo kidogo cha plastiki cha dukani: kwa matumizi ya uzio na bustani.

Alikaa mchangani. Aliiweka mikono chini ya mapaja kama mtoto wa shule.

"Alijua," alisema. "Aliona uozo, Pilemon. Huwezi kukata pale asione. Aliuona, akaufunika, akaandika miaka kumi."

"Na alijua boti inakwenda wapi," Pilemon alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Huku kwetu boti ikizama, hakuna ufuko wa karibu mtu aogelee afike."

Joseia alipoitwa alikataa kwanza. Mareta akambebea ndoo mpaka mlangoni, akaimwaga kwenye ngazi ya nyumba, mke wa Joseia akipiga kelele kuhusu ngazi zake.

"Huu ndio uzembe wako," Mareta alisema. "Uangalie. Ushike."

Joseia aliinama akachukua ule uozo mweusi mkononi, akaufinya, maji yakapita katikati ya vidole. Kisha akapewa mbao ya kijani akasoma kilebo. Alikisoma muda mrefu kuliko maneno yalivyokuwa. Halafu akakaa kwenye uchafu uleule na kulia, mtu mwenye mvi, mzee wa kanisa, mchana kweupe, na majirani wakajifanya wanaangalia baharini.

"Kila usiku naiendesha upya ile safari," alisema baadaye. "Naendesha polepole, na bado inang'oka. Nilikuwa najiuliza, sasa nipunguze wapi tena?"

Maneno hayo ndiyo yaliyomwasha Mareta. Alipiga simu Ijumaa saa tatu asubuhi, Joseia na Pilemon wamekaa pembeni.

"Karakana," sauti ilisema.

"Wewe ndiye Haslam?"

"Inategemea nani anauliza."

"Mareta, dada yake Joseia. Ulibadilisha ubao wa tezi wa boti yake miaka mitatu iliyopita. Nataka kujua ulitumia mbao gani."

"Plaiwudi ya baharini. Natumia hiyohiyo siku zote. Mbona imeandikwa kwenye karatasi."

"Karatasi ninayo. Na mbao ninayo pia, iko hapa kwenye meza."

Ulisikika mlio wa mtu anayefunga mlango.

"Sikiliza, mama. Nyinyi huko boti mnazigonga kwenye miamba, mnajazana ndani kama mko harusini, halafu kikiharibika kitu mnamtafuta fundi. Ningekuwa wewe, ningemuuliza kaka yangu alikunywa nini siku ile."

Joseia aliacha pombe mwaka aliooa, na alioa akiwa na miaka ishirini na sita.

"Rudia," Mareta alisema kwa upole. "Taratibu. Nimekuweka kwenye spika, tuko watatu hapa, na Mjomba Pilemon anaandika."

Pilemon, ambaye hakuwa na kalamu, alikohoa kwa heshima. Simu ikakatwa. Walipopiga tena haikupokewa, siku hiyo wala zilizofuata.

Ubao mpya wa tezi ulichukua majuma mawili. Plaiwudi halisi ya baharini ilikuja na meli ya mizigo, na Mareta aliikagua ukingo wote kwa miwani kabla ya kutia sahihi ya kuipokea. Aligandisha mapande mawili kwa gundi ya epoksi, akayabana kwa majiliwa yote aliyokuwa nayo na mengine ya shule, akalala ameyaacha hivyo. Alikata kwa kufuata kiolezo cha karatasi, akapiga msasa, akapaka epoksi mara tatu pande zote, na kwa kila tundu la bolti alitoboa kubwa kwanza, akalijaza epoksi, ikikauka analitoboa upya katikati, ili maji yakipita kwenye bolti yasikutane na mbao hata kidogo. Bati lililoliwa alilikata, akaweka mabamba mapya ya alumini ndani na nje, ribiti moja baada ya moja. Joseia alianza kwa kushika. Kisha akaanza kutoboa. Siku ya tano alikuwa anamwambia dada yake kwamba ribiti zake zinakwenda upogo.

"Umepona," Mareta alisema. "Sasa nyamaza."

Mashine walipewa na Pilemon, ya zamani, ya nguvu za farasi arobaini, ambayo yeye mwenyewe aliifungua na kuifunga akiisifia kama binti anayekaribia kuolewa.

Mwisho wa mwezi afisa wa usalama wa baharini, Bwana Corbett, yuleyule aliyetia sahihi ile barua, alikuja kisiwani kukagua majaketi ya kuokolea. Alikuwa kijana mwenye adabu, shati limepigwa pasi, amekaa nyuma ya meza katika ukumbi wa jumuiya. Watu walipanga foleni na majaketi yao. Mareta akapanga foleni na gunia la mchele. Ilipofika zamu yake alitoa ule uozo mweusi, akauweka juu ya fomu za afisa. Akaweka na mbao ya kijani. Akaweka na karatasi ya dhamana ndani ya plastiki yake.

"Hii si shughuli ya leo, mama," Corbett alisema. "Kesi hiyo imefungwa. Kuna utaratibu wa rufaa."

"Hili ndilo lililokuwa ndani. Nyinyi mlifungua?"

"Ukaguzi ulifanywa kwa picha."

"Picha za nje."

"Kwa kawaida, ndiyo."

Nyuma yake foleni ilipasuka kumpisha Shangazi Noreta, aliyekuwa akisukumwa kwenye kiti chenye magurudumu, gauni lake la maua limepigwa pasi kuliko shati la afisa.

"Wewe ndiye uliyeandika boti ilijaa?" aliuliza.

"Mama, mimi—"

"Bibi. Mimi ndimi niliyeijaza. Na mto. Nilikuwa nimeielekea mashine, kwa sababu ya mguu. Tulikuwa tunakwenda pole hata nikamwambia, mwanangu, kaza kidogo, mguu unauma. Akasema hapana shangazi, tutafika. Uliniuliza hayo?"

Corbett alifungua faili lake. Alisoma kidogo, masikio yakaanza kubadilika rangi.

"Imeandikwa hapa kwamba abiria hakupatikana."

"Hakupatikana," Shangazi Noreta alisema. Aliwageukia watu waliokuwa ukumbini ili nao walionje neno. "Nilikuwa hospitali. Kitanda cha saba, karibu na choo. Majuma matano, mguu umening'inizwa. Nilikuwa nimekwenda wapi, disko?"

Ukumbi ulicheka, lakini kwa kicheko kile kisicho na furaha ndani yake. Corbett hakucheka. Alichukua ule uozo mweusi, ukamvunjikia mkononi, akaangalia kilebo cha bustani, akakisoma mara mbili. Alipoinua macho alikuwa mtu mwingine kidogo.

"Itabidi niondoke na hivi," alisema.

"Utaondoka na nusu," Mareta alijibu, na kutoka chini ya gunia akatoa msumeno. Aliikata mbao ya uzio palepale mezani, vumbi la kijani likianguka kwenye viatu vya afisa, akamtaka atie sahihi kwenye vipande vyote viwili. Akatia. Jina kamili na tarehe.

Jibu lilichukua majuma sita. Barua ya pili ilikuwa na sentensi tatu. Imebainika kwamba sababu ilikuwa hitilafu ya ukarabati. Zuio limeondolewa. Kumbukumbu zimerekebishwa. Neno la kuomba radhi halikuwamo. Mareta aliitafuta pole hata nyuma ya karatasi. Akaishika simu, akamwuliza Corbett imebainika na nani, maana anavyojua yeye ilibainika na mwanamke mmoja mwenye kijiko cha supu. Corbett alisema hiyo ndiyo lugha ya ofisi. Mareta akamwuliza, ile ya kwanza, ya kumwita mtu mzembe, ilikuwa lugha ya nani?

Haslam alitozwa faini, na karakana ikafungwa. Baada ya miezi miwili ikafunguliwa palepale, kwa jina la mkewe, na kibao kipya. Aliyeleta habari hiyo ni nahodha wa meli ya mizigo, naye alishangaa kuona Mareta akiendelea tu kukunja turubai.

Joseia aliisoma barua ya pili mara moja, akampelekea Shangazi Noreta. Bibi alisema hana miwani, asomewe. Aliposomewa akasema, "Vizuri," akauliza kama kuna anayejua pa kuiandikia ofisi hiyo kuhusu vidole vyake. Halafu akamshika Joseia sikio, kama alivyokuwa akimshika akiwa mdogo, akamwambia Jumatatu ana miadi ya daktari na hataki kusikia habari za helikopta. Jumatatu akampeleka. Alikwenda kwa mwendo wa kawaida, si polepole, na alirudi saa nane mchana ana njaa.

Mareta alikuwa anamngoja ufukweni na kisanduku chake cha vifaa.

"Usiishushe mashine," alisema. "Jaza mafuta."

"Kwenda wapi?"

Alimpa daftari. Alikuwa ameshinda siku tatu kwenye redio, kisiwa kwa kisiwa, akiuliza swali moja tu: nani alipeleka boti kwa Haslam? Yalikuwa majina kumi na manne. Wapiga mbizi, mchungaji, mwalimu mkuu anayevusha watoto kwenda michezoni.

"Ofisi inayo orodha hii?" Joseia aliuliza.

"Niliwapelekea. Walisema wataizingatia katika ukaguzi wa mwaka ujao."

Joseia aliangalia maji, akaliangalia daftari. Hasira iliyokuwa ya dada yake miezi yote hiyo ilimfikia na yeye sasa, taratibu, ikamkaa usoni, na Mareta akafurahi kuiona.

"Basi panda," Joseia alisema.

Kisiwa cha kwanza kilikuwa mwendo wa saa moja. Mchungaji aliwapokea ufukweni kwa tabasamu na chai, akawaonyesha boti yake ya buluu inayong'aa, akasema haijawahi kumsumbua hata siku moja, na kwamba angependa wale chakula kwanza. Mareta alishukuru kwa chai. Alipiga magoti nyuma ya boti, akatoa bolti moja ya chini, akachomeka bisibisi kwenye tundu na kuisukuma kwa kidole kimoja. Ikaingia yote mpaka kwenye mpini, na maji meusi yakaanza kutiririka juu ya rangi.

Mchungaji aliacha kutabasamu.

"Jumapili nilivusha kwaya nzima na hii," alisema.

"Joseia," Mareta alisema, "niletee drili."